Uzi: Timu inafuzuje Kombe la Dunia la futsal? Nusu kuku ya Chako ni Chako iko rehani

Zabibu Kavu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Jana jioni kijiweni Majengo tulibishana mpaka muuza kahawa akatuomba tupunguze sauti, wateja wake wanakimbia. Ubishi wenyewe: dada zetu wa timu ya taifa ya futsal ya Tanzania walifikaje Kombe la Dunia la Ufilipino, lile la Novemba 2025? Jamaa yangu mmoja fundi pikipiki anashikilia kwamba walibebwa. Anasema fainali ya Afrika tulifungwa na Morocco 3-2, aliyefungwa fainali hana kombe, na asiye na kombe haendi popote, kwa hiyo kuna mkubwa alipiga simu.

Tumewekeana nusu kuku pale Chako ni Chako, na chipsi juu. Amekubali kwamba hukumu itoke humu. Naweka maelezo yangu, mwenye kusahihisha asahihishe, ila msinikoseshe kuku wangu.

Mimi ni refa wa mtaani tu, Jumamosi tunacheza kwenye kiwanja cha saruji huku Area C, upepo ukiruhusu. Lakini haya mambo ya kufuzu nayafuatilia muda mrefu, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kusahau mpira wa nje, ule wa kwenye nyasi. Kule timu inazunguka miaka miwili, mechi ya nyumbani, mechi ya ugenini, mara sare, mara kikokotoo. Kwenye futsal, karibu kila bara, mashindano ya bara ndiyo mchujo wenyewe. Mnakwenda mji mmoja, mnalala hoteli moja siku nane au tisa, mnarudi na tiketi au mnarudi na mabegi tu.

FIFA inagawa nafasi kwa mabara, halafu kila bara linaamua lenyewe litampataje mtu wake. Kombe la Dunia la futsal la wanawake la 2025 ndilo lilikuwa la kwanza, timu 16. Ulaya walipata nafasi 4, Asia 3, Amerika ya Kusini 3, Afrika 2, Amerika ya Kaskazini na Kati pamoja na Karibi 2, Oceania 1, na Ufilipino wakaingia kama wenyeji. Jumlisha mwenyewe.

Sasa hizo mbili za Afrika ziligawiwa Rabat, Aprili 2025. Nayo ilikuwa michuano ya Afrika ya kwanza ya futsal ya wanawake. Timu tisa, makundi matatu ya timu tatu tatu, sisi tukawa na Senegal na Madagascar. Wanaoongoza makundi wanaingia nusu fainali, wa nne ni mshindi wa pili bora.

Fundi, tulia hapa. Nafasi ni mbili. Fainali ina timu ngapi? Mbili. Kwa hiyo tiketi haikuwa kwenye fainali, ilikuwa kwenye nusu fainali. Sisi tuliitoa Cameroon, na filimbi ya mwisho ya mechi ile ndiyo iliyotupeleka Manila. Fainali na Morocco ilikuwa ya kombe na heshima. Hata tungefungwa kumi, safari ilikuwa palepale.

Nimemaliza. Kuku wangu awe paja.

Spea ya Nkuhungu

Ndiyo mimi huyo fundi, na sijifichi.

Mkuu umeandika vizuri kama kawaida yako, lakini umejiumiza mwenyewe. Makundi mechi mbili, nusu fainali moja. Mechi tatu unaenda Kombe la Dunia? Hiyo si kufuzu, hiyo ni lifti. Mimi nikimfunga mwanangu mara tatu draft simwiti bingwa wa Dodoma.

Muuza Ubuyu

Hivi futsal ndiyo ile wanacheza mchangani peku?

Zabibu Kavu

Hapana mkuu, ile ni soka la ufukweni. Futsal ni ya ndani, watano kwa watano pamoja na kipa, uwanja mita 40 kwa 20, dakika 20 mara mbili na saa inasimama mpira ukitoka.

@Spea, lifti inapakia kila mtu. Senegal walikuwa na mechi zilezile, Madagascar zilezile. Mbona hawakupanda?

Kipa Mstaafu

Vijana, shikeni adabu niwape kisa, maana mnazungumzia tiketi mbili kama vile ni kitu kigeni.

Kwa wanaume Afrika ina nafasi tatu katika timu 24. Mwaka 2024 kwanza kulikuwa na mchujo wa nyumbani na ugenini, halafu timu nane zikakutana Rabat mwezi Aprili, makundi mawili. Kundi moja Morocco, Angola, Ghana na Zambia. Lingine Misri, Libya, Namibia na Mauritania. Fainali Morocco akampiga Angola 5-1, kombe lake la tatu mfululizo baada ya 2016 na 2020.

Hiyo fainali watu waliitazama kwa sababu ni fainali. Mimi niliitazama mechi nyingine, ya kutafuta mshindi wa tatu. Mnajua mechi hizo kwenye mpira wa nje zinavyochezwa: kocha anapanga wa benchi, wachezaji wanawaza ndege. Lakini hapa nafasi ni tatu. Morocco na Angola wameshapata zao, wanacheza fainali wametulia. Wanaokufa ni Libya na Misri. Na Misri si mtoto, alikuwa hajakosa Kombe la Dunia la futsal tangu 1996. Kombe la Afrika kalichukua mara tatu za mwanzo mfululizo.

Libya wakashinda. Misri, baada ya Kombe la Dunia saba mfululizo, akabaki nyumbani kwa mechi ambayo kwenye ratiba imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya fainali.

Kwa hiyo fundi, ukitaka kujua nani kafuzu usitafute kombe liko wapi. Hesabu nafasi, halafu tafuta mechi inayozigawa.

Spea ya Nkuhungu

Mzee shikamoo. Hiyo ya Misri imeniuma bila sababu, mimi si Mmisri.

Lakini swali langu liko palepale. Mabara mengine nao wanaenda kwa mechi tatu?

Zabibu Kavu

Ngoja nikupeleke ziara, nauli juu yangu. Zote za wanaume, 2024, Kombe la Dunia la Uzbekistan.

Oceania nafasi ni moja. Hapo ndipo nadharia yako ya kombe inafanya kazi: fainali ndiyo kila kitu, wa pili anaenda nyumbani. Visiwa vya Solomon walikuwa wanaenda wao tu, 2008, 2012, 2016 na 2021. Safari hii New Zealand wakawafunga fainali, na ndiyo ikawa mara yao ya kwanza.

Amerika ya Kaskazini na Kati pamoja na Karibi, nafasi nne. Nne maana yake nini? Nusu fainali ina timu nne, kwa hiyo tiketi iko robo fainali. Costa Rica, Cuba, Guatemala na Panama waliposhinda robo tu wakawa wameshamaliza kazi.

Amerika ya Kusini nao nne, na nchi zenyewe ziko kumi tu. Utasema ni rahisi. Jaribu kukaa chumba kimoja na Brazil, Argentina na Paraguay halafu utafute kiti cha nne. Colombia, waliokuwa wenyeji wa Kombe la Dunia 2016, hawakukipata.

Ulaya ndiyo wenye safari ndefu ya kweli. Kuna raundi ya awali, raundi kuu, halafu raundi ya wakubwa yenye makundi matano ya timu nne nne. Anayeongoza kundi anakwenda. Wa pili wanne bora wanacheza mtoano wa nyumbani na ugenini kugombea nafasi mbili zilizobaki. Hapo ndipo Croatia na Uholanzi walipopenyea. Italia, bingwa wa Ulaya 2003 na 2014, alikosa. Na 2021 alikosa vilevile.

Kwa hiyo ndiyo, Ulaya wanatoka jasho zaidi. Lakini wao wana nchi zaidi ya hamsini, na nafasi zao zilikuwa 7.

Abiria wa SGR

Mmeruka Asia. Asia ndiyo tamu.

Asia 2024 walikutana Bangkok kugombea nafasi nne, lakini Uzbekistan tayari ana yake kama mwenyeji, na bado anashiriki mashindano. Tatizo likaja alipoingia nusu fainali. Iran, Thailand na Tajikistan wamefuzu, na huyu wa nne hahitaji tiketi. Nafasi moja inaning'inia hewani.

Wakafanyaje? Wale wanne waliotolewa robo fainali, ambao walishalia, wakaambiwa msiondoke. Wakachezeshwa wao kwa wao, na Afghanistan ndiye aliyebaki. Timu iliyotolewa robo fainali ikaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wakati huohuo Japan, mtu mzito kabisa wa Asia, hakuvuka hata makundi.

Mimi hapo ndipo nilipoanza kupenda huu mchezo. Unalia Jumatano, Ijumaa uko kwenye orodha.

Spea ya Nkuhungu

Unaona sasa! Afghanistan kafungwa na kaenda. Hiyo ndiyo naita kubebwa.

Abiria wa SGR

Kanuni ipo imeandikwa kabla mpira haujaguswa. Kubebwa ni pale kanuni inapoandikwa baada ya mechi.

Binti wa Ng'hong'hona

Habari zenu kaka zangu. Nawasoma tangu jana, nilitaka kunyamaza, ila hili neno "kubebwa" linanikera.

Mimi nasoma hapa UDOM, nacheza. Nilianza mpira wa nje nikiwa beki wa pembeni. Siku ya kwanza kuingia uwanja wa futsal nilidhani ni mpira uleule ila mdogo. Nilichoka dakika ya tatu. Nikisema dakika ya tatu simaanishi utani.

Mpira ni namba 4 na haudundi. Ukizoea kuusubiri udunde ndio utulize, umeshanyang'anywa. Kona, mpira wa kurusha (ambao hapa unapigwa kwa mguu), faulo, kipa akiwa nao upande wake: sekunde nne tu, refa anahesabu kwa vidole. Na faulo zinajumlishwa za timu nzima. Ikifika ya sita ndani ya kipindi kimoja, wapinzani wanapiga toka mita 10 bila ukuta. Sisi mabeki wa nyasi tumezoea kuvuta jezi kidogo, kumkata mtu katikati huko mbali na goli. Katika futsal hiyo tabia inawamaliza wenzako, sio wewe peke yako. Mechi yetu moja tulifika faulo tano ndani ya dakika saba. Muda wote uliobaki tulikuwa tunakaba mikono nyuma kama tunasali.

Sasa hao dada waliokwenda Rabat wengi wametokea kwenye nyasi kama mimi. Wamejifunza hayo yote ndio wakaifunga Cameroon kwenye nusu fainali ya Afrika. Mechi ni tatu, kweli kaka Spea. Lakini mechi tatu ndiyo mbaya zaidi! Mchujo wa miaka miwili ukiteleza Machi unajirekebisha Juni. Huku ukiteleza Jumanne, Alhamisi huna cha kurekebisha. Kikundi cha timu tatu, ukifungwa moja unaanza kuomba dua za mshindi wa pili bora.

Spea ya Nkuhungu

Dada nimekuelewa. Hapo kwenye "mechi tatu ndiyo mbaya zaidi" sikuwa nimepafikiria.

Ila bado kuku sijakubali.

Zabibu Kavu

Dada, hicho ulichosema kimenikumbusha kitu kinachonichoma kuhusu kwetu hapa.

Sheria za futsal zinataka sakafu laini, tambarare, isiyochubua. Mbao au plastiki maalumu. Saruji na lami zinasemwa kabisa kwamba ziepukwe. Sisi Area C tuna saruji yenye nyufa, na ikifika Julai upepo wa Dodoma unaleta vumbi mpaka mpira unateleza kama umepakwa unga. Goti langu la kushoto lina alama tatu, zote za kiwanja kimoja. Mwaka juzi tulipata ukumbi mmoja mzuri wa ndani hapa mjini, tukalipia Jumamosi nne. Ya pili tukakuta viti vya harusi vimepangwa mpaka kwenye boksi la kipa, na fedha hatukurudishiwa. Sitaji ni wapi.

Nakuja kwenye hoja. Nchi yenye kumbi chache ikipangiwa nyumbani na ugenini inaumia kabla haijacheza: itamkaribisha mgeni wapi? Mashindano ya mji mmoja yanampunguzia asiye na ukumbi mzigo wa mechi ya nyumbani. Hiyo ni bahati kwetu, nakubali. Lakini hayampunguzii mzigo wa mazoezi. Ukiwa umefanya mazoezi kwenye saruji halafu unaingia kwenye sakafu ya Rabat inayoteleza na kung'aa, siku mbili za kwanza unajifunza kusimama. Na mashindano yenyewe ni siku tisa.

Kwa Morocco hilo si tatizo. Wamewekeza, na wanaume wao wamefika robo fainali ya dunia mara mbili mfululizo, 2021 na 2024, mara zote wakatolewa na Brazil. Kwa hiyo ninaposikia kwamba dada zetu waliwafunga Morocco mabao mawili, kwao, kwenye fainali, mimi sioni kubebwa.

Kipa Mstaafu

Na kule Ufilipino tulipangwa na Ureno, Japan na New Zealand. Ureno huyohuyo akafika fainali akafungwa na Brazil 3-0. Hakuna kibonde aliyewekwa hapo kwa hisani.

Nitakuongezea fundi, maana najua utauliza kuhusu vipigo. Visiwa vya Solomon alivyotaja Zabibu, Kombe la Dunia la 2008 walifungwa na Urusi 31-2. Soma tena, si makosa ya kuandika. Miaka minne baadaye wamerudi Thailand wakawafunga Guatemala 4-3. Wangeambiwa 2008 wasirudi tena kwa sababu wametia aibu, hiyo ya pili isingekuwepo.

Mpiga Debe Sabasaba

Mimi mpwa wangu aliniambia kuna Kombe la Dunia lingine la futsal na timu zinaingia kwa njia tofauti kabisa. Nilimwambia aache bangi. Kumbe ni kweli?

Kipa Mstaafu

Mwombe radhi mpwa wako.

Mchezo huu ulianzia Montevideo, Uruguay, mwaka 1930. Mwalimu mmoja, Juan Carlos Ceriani, alitaka vijana wacheze mpira ndani ya ukumbi. FIFA hakuwepo kabisa kwenye hadithi hiyo. Mwaka 1971 likaundwa shirikisho la kwanza la dunia la mchezo huo huko Brazil, FIFUSA, na likafanya ubingwa wake wa dunia 1982 São Paulo. FIFA ameanza la kwake 1989, Uholanzi. Mrithi wa FIFUSA anaitwa AMF na bado ana Kombe lake la Dunia, kwa wanachama wake. Kwa hiyo ukisoma kwamba nchi fulani imefuzu, angalia kwanza imefuzu la nani. Tunalozungumza humu ni la FIFA, na mlango wake kwetu ni CAF (shirikisho la Afrika) na TFF (la Tanzania).

Muuza Ubuyu

Sasa kama nimeelewa: Afrika wanaume ikiwa na nafasi tatu, naangalia mechi ya mshindi wa tatu. Wanawake wakiwa na mbili, naangalia nusu fainali. Na mwenyeji wa dunia akiwa ni wa bara letu na akafika mbali?

Abiria wa SGR

Hapo ndipo ya Afghanistan inapojirudia. Nafasi inashuka chini kwa utaratibu wa bara lenyewe, unasoma kanuni za mwaka huo. Zinabadilika. Usikariri za mwaka jana ukaja kuweka kuku rehani.

Binti wa Ng'hong'hona

😂😂

Spea ya Nkuhungu

Wakuu, nimerudi. Jana usiku nimekaa na kalamu. Nafasi mbili, nusu fainali mbili, washindi wawili. Nimejaribu kuipindua kila upande, haipinduki.

Nakiri mbele ya umma: hakuna simu iliyopigwa. Walifuzu dakika ile Cameroon ilipotoka. Nusu kuku nalipa.

Chipsi kila mtu na zake.

Zabibu Kavu

Makubaliano yalikuwa na chipsi juu. Watu wa kijiweni ni mashahidi, na muuza kahawa pia.

Spea ya Nkuhungu

Muuza kahawa ni shemeji yako, ushahidi wake haupokelewi. Saa moja jioni, meza ya nje, usije na watu.

Mpiga Debe Sabasaba

Nakuja.

Binti wa Ng'hong'hona

Kaka Zabibu, kabla hamjaenda kula. Jumamosi tuna mechi na wasichana wa Makole na mpira wetu wa namba 4 umepasuka. Madukani naona namba 5 tu, na ule wa 5 kwenye saruji unaruka mpaka barabarani. Kuna mwenye nao hapa mjini atuazime?

Spea ya Nkuhungu

Ninao mmoja gereji, mteja aliuacha. Umefumuka mshono upande mmoja ila bladda nzima. Nitaushona leo, pita kesho baada ya saa nne.

Zabibu Kavu

Kumbe una mpira wa futsal muda wote huo na unabisha?

Spea ya Nkuhungu

Nilidhani ni wa watoto.